Waya wa Njano

Vumbi limelala. Limelala juu ya redio kumi na saba zilizopangwa ukutani, limelala juu ya meza ya kazi, limelala kwenye koni za spika zilizong'olewa kutoka milango ya magari ambayo hayapo tena duniani. Saa kumi alasiri jua hupenya katikati ya nondo za dirisha, likakikata chumba vipande vipande, na ndani ya kila kipande vumbi jingine huonekana likielea, halipandi, halishuki, kama watu waliofika ofisini wakaambiwa wasubiri.

Hapo ndipo anapofanyia kazi fundi. Mtaa mzima unamwita Mama Waya, ingawa watoto hana. Alicho nacho ni waya.

Vyumba ni viwili na pazia katikati. Chumba cha mbele ni karakana. Chumba cha nyuma kina kitanda, na kitandani yupo mume wake, na juu ya mume wake lipo shuka, na juu ya shuka yapo macho mawili yanayotazama dari. Kutoka meza ya kazi mpaka kitandani ni hatua tatu. Amezihesabu. Miezi minane sasa, asubuhi na jioni, na hesabu haijawahi kuongezeka.

Mume wake watu humwita Dereva. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo mpaka anaingia kaburini. Aliendesha teksi miaka ishirini na miwili, akaujua kila uchochoro na kila shimo la uchochoro huo. Kisha asubuhi moja, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, mshipa ukapasuka kichwani. Tangu siku hiyo hajasema neno, hajainua kidole, hajageuza shingo. Akilishwa kwa kijiko kidogo humeza. Macho hupepesa. Basi.

Yumo, hayumo? Hilo ndilo swali la nyumba hii. Linaamka na watu wake, linakula nao, linakunjwa pamoja na shuka.

Daktari alimmulika tochi machoni, akamgusa nyayo kwa ncha ya kalamu, akaandika, akasema huenda anasikia, huenda hasikii, tusubiri. Wiki ile ya kwanza fundi alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia, kama unanisikia pepesa macho mara mbili. Macho yakapepesa mara tano, yakatulia. Akamwambia tena kesho yake, yakapepesa mara moja. Akamwambia tena keshokutwa, kisha akachoka kupiga hodi. Tangu wiki hiyo hakumuuliza tena.

Alimgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, ili mgongo usitoke vidonda. Alimnyoa ndevu, alimkata kucha. Sokoni alikwenda mbio na kurudi mbio, ufunguo ukiwa mkononi njia nzima. Mitaa mitatu ng'ambo ya pale kulikuwa na mto wenye daraja jipya, watu wakilisifia, na fundi hakuwa amelikanyaga. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Haikuwa na pa kwenda.

* * *

Kazi yake ni kuzipa makao redio za magari yaliyokufa.

Watu huzileta zimefungwa kwenye magazeti au kwenye vitambaa vya jikoni. Hii ya gari la marehemu baba. Hii ya lori tuliloliuza pamoja na mizigo yake. Hii nilikuta chini ya kiti, sijui ya nani, ila nimeipenda sura. Na fundi huipangusa, huinusa, maana redio iliyoungua ina harufu yake na redio iliyoingiwa na maji ina harufu yake, kisha huikatia kasha la mbao kwa masalio anayopewa na seremala wa jirani. Redio ya gari iliyozoea betri hufungiwa transfoma ipate kula umeme wa ukutani. Spika za milango hupata kifua kipya. Taa ya mbele ya lori moja aliitoa kioo akaweka spika ndani, na mpaka leo mwenye nayo hujisifu kwamba lori lake linamwimbia sebuleni.

Lakini wengi hawataki redio. Wanataka sura yake. Wanataka vitufe vile vya fedha na ule mwanga wa rangi ya chungwa, ila ndani iwekwe kadi mpya ya kuchezea nyimbo za kwenye simu. Hapo fundi huifungua redio, huitoa matumbo yote, nyuzi za shaba, gia ndogo za kaseti, mikanda yake laini, akayaweka kwenye ndoo. Sura ile ile, ndani kitu kingine. Mteja huondoka ameridhika. Fundi hubaki akiitazama ndoo.

Na kila redio ya gari, nzuri au mbovu, ina waya tatu za kuijua kwanza. Nyeusi ni ya ardhi. Nyekundu ni ya ufunguo, gari likiwashwa redio inaamka, likizimwa inalala. Na ya njano haizimwi kamwe. Hiyo hunyonya betri kidogo kidogo, usiku na mchana, gari likiwa limeegeshwa hata mwezi mzima, ili redio ikumbuke stesheni zake na saa yake na mwenyewe. Nyekundu huamsha, njano hukumbuka. Alifundishwa hivyo na baba yake mdogo, kabla hata hajafundishwa kushika chuma cha solda cha kuunganishia waya.

Tena baba mdogo huyo huyo ndiye aliyemfundisha njia ya mkato. Mezani, alisema, redio ya mteja haina cha kukumbuka, kwa hiyo usijisumbue, sokota njano na nyekundu pamoja, funga kwenye swichi moja, maliza kazi. Fundi amezisokota hivyo mara elfu. Vidole vyake hufanya bila kumwuliza.

* * *

Uani kulikuwa na teksi ya Dereva. Magurudumu yalikwisha kutoka, ikakaa juu ya matofali, paka wakazalia ndani. Ila betri fundi aliichaji kila Jumapili kwa miezi minane, akaibeba akairudisha, mgongo ukiuma. Majirani walimwona wakadhani ana mpango wa kuiendesha. Hakuwa na mpango. Alikuwa anaulisha waya wa njano.

Maana redio ile Dereva aliifunga mwenyewe, na mwenyewe aliipangia stesheni sita kwenye vitufe sita. Tena ilikuwa redio ya namba ya siri. Ukiikata umeme husahau yote, na ukiiwasha tena haiimbi, haisemi, inaonyesha vistari vinne tu, ikitaka tarakimu nne ambazo mwenye redio alizichagua. Ni dawa ya wezi. Redio hiyo ikiibwa inageuka tofali.

Namba hiyo Dereva hakumwambia mtu. Fundi alimwuliza mara nyingi, kwa kubembeleza na kwa kununa, yeye anacheka tu.

"Mke wangu," alisema, "unajua mshahara wangu, unajua soksi zangu zilizotoboka, na uongo wangu wote umeshaujua. Niachie hizi namba nne, na mimi niwe na kitu."

Fundi alimtupia kitambaa cha mezani. Akamwachia.

* * *

Jumatatu ya wiki ya kisa hiki alikuja wifi yake, dada mkubwa wa Dereva, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, aliyelea wadogo zake wote baada ya baba yao kufariki. Alisimama kando ya kitanda muda mrefu, akamfuta kaka yake mate kwenye pembe ya mdomo.

"Wifi, tuseme ukweli," alisema. "Kaka yangu hayumo humo. Huu ni mwili tu. Jumamosi nitakuja na gari, nimpeleke kwetu. Kuna chumba cha nyuma, nitamtunza mimi."

"Atashtuka," fundi alisema. "Hajazoea kule."

"Asiyejua yuko wapi atashtuka na nini? Na wewe umri bado unao. Toka humu ndani kabla hujafanana na hizo redio zako."

Mwenye nyumba naye alikuwa anataka uwanja wake, kwa hiyo mambo yakapangwa siku moja. Jumamosi mgonjwa ataondoka, na Jumamosi hiyo hiyo teksi itaburutwa kwenda kwenye chuma chakavu.

Na moyo wa fundi uliruka kwa furaha kabla hajawahi kuushika. Tusimsingizie na tusimpambe, uliruka. Alijiona darajani, mikono mitupu, bila ufunguo. Kisha akaona aibu, akaenda kuchuja uji.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa tano wa ugonjwa, akizungumza kwa simu na mdogo wake, pazia likiwa wazi, alisema maneno ambayo kinywa kikishayatoa hayarudi. Alisema, "Mimi nimefungwa na mtu ambaye hayupo. Laiti angeondoka siku ile ile, ningelia nikamaliza." Akalia, akapenga kamasi, akarudi kwenye solda. Dereva alikuwa hatua tatu kutoka pale, akitazama dari.

Yumo, hayumo? Kama hayumo, Jumamosi haina dhambi. Mtu anaweza kuagana na shuka na mito akaenda zake. Lakini kama yumo, basi Jumamosi ni kumzika mtu anayesikia udongo ukidondoka.

* * *

Alhamisi alikwenda uani kuichukua redio. Alitaka siku mbili zilizobaki Dereva awe nayo kando ya kichwa, na ikibidi aondoke nayo. Kasha alikuwa amelikata kwa mbao nyekundu, kona zake amezilainisha kwa msasa mpaka zikawa laini kama sabuni.

Alikuwa mwangalifu. Kabla ya kukata waya alifunga betri ndogo kwenye ule wa njano, ili redio isipoteze fahamu njiani, na akaibeba hivyo kifuani, redio na betri yake, kama mgonjwa anayehamishwa wodi pamoja na dripu. Aliingia nayo ndani. Akaiweka mezani.

Na vidole, vile vidole vya mara elfu, vikafanya kazi yao. Vikamenya waya, vikasokota njano na nyekundu pamoja, vikafunga kwenye swichi moja. Akawasha. Ikaimba, na sauti ya stesheni ya kwanza ikajaa vyumba viwili, naye akatabasamu. Betri ndogo akaing'oa, haina kazi tena. Akazima, ili atoboe kasha.

Tak.

Alikuwa ameshashika drili alipotambua. Akaitua. Akawasha tena redio taratibu, kama mtu anayefunua shuka asilotaka kulifunua.

Vistari vinne.

Ewe waya wa njano, amekulisha miezi minane, amekubebea betri Jumapili thelathini na kitu, na amekuua kwa mazoea.

Redio zile hukupa nafasi kumi. Ukikosea mara tatu, zinafunga saa nzima, halafu zinakuruhusu tena. Ukikosea ya kumi zinafunga moja kwa moja. Fundi alijaribu mwaka wa kuzaliwa wa Dereva. Alijaribu namba za teksi. Alijaribu siku ya harusi yao. Akangoja saa nzima akiitazama. Akajaribu mwaka wa kuzaliwa wake yeye, kwa matumaini kidogo na kwa haya kidogo. Akajaribu namba ya leseni, akajaribu tarakimu za mwisho za simu. Akangoja. Jua likaondoka dirishani. Akajaribu tatu nyingine ambazo hata mwenyewe hakuziamini, na alipomaliza alikuwa amebakiwa na nafasi moja, na saa nyingine ya kungoja.

Ijumaa asubuhi alichukua bisibisi. Alikuwa ameamua. Ataitoa matumbo, ataweka kadi mpya, mwanga utawaka ule ule wa chungwa. Wifi hatajua. Na Dereva, kama hayumo, hatajua.

Akafungua skurubu ya kwanza. Akafungua ya pili. Ya tatu ilikuwa na kutu, akaikazania, na katika kuikazania wazo likamjia.

Alikuwa ameuliza kalenda. Alikuwa ameuliza leseni, ameuliza cheti cha ndoa, amepekua mpaka mifuko ya makoti. Mwenye namba alikuwa hatua tatu kutoka pale, na hakumuuliza. Haikumjia hata akilini. Kumbe kinywa chake kilikuwa kikibishana na wifi miezi yote hii, na moyo ulishakubaliana naye zamani.

Akakaa kwenye stuli. Kisha akazirudisha zile skurubu, moja baada ya nyingine, akavuta waya mrefu wa umeme mpaka chumba cha nyuma.

* * *

Wifi alimkuta hivyo, redio imewekwa kitandani karibu na mkono wa mgonjwa, mke amepiga magoti. Alikuja kufunga nguo za kaka yake kwenye begi kwa ajili ya kesho. Fundi alimweleza yote, kosa la waya, zile nafasi tisa, ile moja iliyobaki.

Wifi alikunja shati. "Na akikosea?"

"Redio imekufa."

"Na kaka yangu?"

Fundi alimwinamia Dereva mpaka pumzi zao zikakutana. "Mume wangu. Redio yako imenisahau. Nitahesabu kuanzia sifuri. Nikifika kwenye namba yako ya kwanza, pepesa."

Akahesabu. Macho yakapepesa kwenye mbili. Yakapepesa kwenye tatu, yakapepesa kwenye sita, yakapepesa hata alipokwisha kunyamaza.

"Unaona," wifi alisema kwa upole, akachukua shati jingine.

Fundi alibaki amepiga magoti. Jicho lake lilikuwa kwenye vitufe vile sita vya redio, vilivyolika kwa kidole gumba cha Dereva. Na alikuwa anajua jambo moja kuhusu vitufe vilivyozeeka, jambo ambalo daktari hakufundishwa. Kitufe kichafu hurukaruka. Ukikigusa mara moja hujibu mara tano, na ukikisikiliza hivyo utadhani kimerogwa. Dawa yake husikilizi kinapogusa. Unasikiliza kinaposhikilia.

"Usipepese," alimwambia. "Achana na kupepesa, hiyo inajiendea. Nikifika kwenye namba yako fumba macho, uyashikilie, usiyaachie mpaka niseme fungua."

Akahesabu polepole. Sifuri. Moja. Macho yalipepesa, akayapuuza. Mbili. Tatu. Yalipepesa. Nne.

Yakafumba. Yakakaa. Wifi alikuwa na shati mkononi na hakulikunja. Nje mtu alipita na mkokoteni, ukalalama mpaka mwisho wa mtaa, na macho bado yamefumba, kope zinatetemeka.

"Fungua," fundi alisema, na yakafunguka.

"Kope zimechoka tu," wifi alisema, ila sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Namba ya pili ilikuwa tisa, na safari ya kuifikia ilikuwa ndefu, jasho likamtoka Dereva kwenye paji la uso. Ya tatu ilikuwa moja. Ya nne, alipofika sita, kope zilishuka kama zinabeba gunia, na alipomwambia fungua hazikufunguka. Alikuwa amelala. Alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko siku zote za maisha yake, na amelala.

Nne, tisa, moja, sita. Fundi aliirudiarudia kimoyomoyo. Haikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Haikuwa namba ya nyumba yoyote waliyowahi kupanga. Kwake haikuwa na maana yoyote, na hilo ndilo lililomtia baridi, kwa sababu namba asiyoijua asingeweza kuitia yeye kwenye yale macho.

Angetaka kumwuliza tena, ahakikishe. Alimtazama alivyolala, akashindwa kumwamsha. Akapiga moyo konde. Kitufe cha kwanza akakibonyeza mara nne. Cha pili mara tisa, akihesabu kwa sauti. Cha tatu mara moja. Cha nne mara sita. Kidole kikasimama.

"Wifi," alisema, "ikikataa, mchukue kesho. Sitasema neno."

Akashikilia kitufe cha kuthibitisha.

Kioo kikazimika. Kikawa cheusi kwa muda wa kumeza mate. Kisha mwanga wa chungwa ukapanda taratibu kutoka chini, na spika zote mbili zikaguruma mvumo mtupu wa hewani, maana stesheni zilikwisha kusahaulika zote, lakini mlango ulikuwa wazi.

Wifi aliketi chini sakafuni, mzima mzima, na shati la kaka yake mapajani. "Yumo," alisema. "Yumo humo." Akaanza kulia bila kujifunika uso.

* * *

Na fundi alifurahi. Alifurahi kwa pumzi tatu, labda nne, akamshika Dereva mashavu kwa mikono inayonuka solda. Ule mvumo ulikuwa umemwamsha. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama.

Ndipo furaha ikageuka ndani yake, ikamwonyesha upande wa pili. Yumo. Basi alikuwamo. Alikuwamo Jumatatu, alipoitwa mwili tu. Alikuwamo wageni walipomzungumzia juu ya kichwa chake kama kabati. Alikuwamo alipokuwa anageuzwa ubavu bila salamu. Miezi minane alikuwa amesimama nyuma ya mlango, anasikia wanaopita, na aliyekuwa na ufunguo alishaacha kupiga hodi. Na mwezi wa tano pazia lilikuwa wazi.

Mvumo uliendelea. Alitamani redio iendelee kuvuma mpaka jioni ili asiulize. Akauliza.

"Niliyosema kwenye simu. Uliyasikia?"

Macho yakafumba. Yakashikilia.

Alipaswa kusema fungua na hakuweza. Dereva akayashikilia, mtiifu, anangoja neno lake, na machozi yakapenya chini ya kope hizo hizo zilizofungwa, yakateremka masikioni.

"Nilisema," fundi alisema mwishowe. "Siwezi kukudanganya kuwa sikusema. Na siku nyingine nitachoka nitasema tena. Lakini sasa nitakuwa nakwambia wewe. Fungua."

Yakafunguka. Hayakumkimbia.

Wifi alijikokota mpaka kitandani. "Kaka," alisema, "ukitaka nikupeleke kwetu kesho, fumba macho."

Macho yalibaki wazi. Yalipepesa yakabaki wazi, mpaka dada mtu akasema sawa, akalivuta begi na kuanza kutoa mashati, akiyakunjua moja moja na kuyarudisha msumarini. Fundi alimtazama akiyarudisha. Kila shati lililopanda ukutani lilikuwa siku nyingine ndani ya vyumba viwili, na daraja la watu wengine lilikuwa likisogea mbali, naye aliliona likienda, ikamuuma, na hakumwambia wifi aache.

Kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono, alianza kuzungusha kitufe kutafuta stesheni. "Ukipenda mahali, nifumbie," alimwambia mume wake. Alipita kwenye nyimbo za mapenzi, macho wazi. Alipita kwenye mpira, akashangaa, macho wazi. Alipita kwenye mtu anayetangaza magodoro. Kisha sauti ya mwanamke ikatokea, kavu, isiyo na haraka, ikisema kwamba barabara ya kuingia mjini imefungwa, kuna lori limeharibika darajani, foleni haisogei hata kidogo, na madereva wanaombwa kuwa na subira.

Dereva alifumba macho. Akashikilia.

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chenye kamasi, na fundi akafuata, wakacheka wakishikana mikono juu ya miguu yake isiyocheka.

Jioni ile, kabla jua halijatoka dirishani, fundi alizitenganisha zile waya mbili. Nyekundu aliifunga kwenye swichi. Ya njano aliifunga peke yake kwenye betri ya teksi, aliyoibeba kutoka uani mara ya mwisho na kuiweka chini ya kitanda, ili umeme wa nyumba ukikatika, redio isisahau. Namba ile hajui ni ya nini mpaka leo. Anaweza kumwuliza, akimtajia herufi moja moja mpaka afumbe macho, na hajamwuliza. Ni kitu chake.

Na vumbi, lile vumbi la miezi minane lililolala kwenye koni za spika, lilikuwa limeanza kuruka. Kila neno la yule mwanamke wa foleni lililirusha juu, chembe chembe, likaingia kwenye vipande vya jua, likazunguka, likagonga nondo, likarudi, likarushwa tena. Pa kwenda halina. Kuta ni zile zile, hatua ni zile zile tatu. Lakini limeamka.